Gogo la Behewa la Tatu

Tangazo lilibandikwa Ijumaa asubuhi kwenye mlango wa stoo ya vifaa, kwa misumari minne mirefu, kana kwamba aliyelibandika alihofia lisije likatoroka. Wapakiaji wa magogo walilizunguka wakilitazama kama watu wanavyomtazama nyoka aliyekufa: karibu, lakini si karibu sana. Wengi wao hawakujua kusoma. Wakafanya walivyozoea.

"Mwiteni Mwalimu."

Mwalimu hakuwa mwalimu. Alikuwa mke wa mfunga minyororo, mama wa mtoto mmoja wa mwaka na miezi mitatu, na kazi yake pale kituoni ilikuwa kunoa misumeno katika kibanda kilichokuwa nyuma ya stoo. Lakini miaka miwili alikuwa amehudhuria masomo ya jioni, kwanza na tumbo kubwa lililomzuia kuifikia meza, kisha na mtoto titini, mkono mmoja unashika kichwa cha mtoto na mwingine unashika kalamu. Tangu hapo hakuna karatasi iliyofika kituoni bila kupita kinywani mwake. Barua za nyumbani, maelezo ya dawa, amri za kiwandani, zote alisoma yeye. Jina likamganda.

Akaja akifuta mikono yenye unga wa chuma, mtoto mgongoni usingizi fofofo.

"Haya, nipisheni njia. Leo wametuletea nini? Wametupandisha vyeo?"

"Wamesema kila mpakiaji apewe mke wa pili," mmoja akadakia.

"Wewe huyo wa kwanza ameshakushinda."

Watu wakacheka. Naye akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti yake ya kusomea, ile iliyonyooka kama reli.

"'Kwa wafanyakazi wote. Ajali ya Jumatano, ambayo magogo yalianguka kutoka behewa la tatu na kumvunja mguu mtu wa breki, imesababishwa na uzembe wa mfunga minyororo...'"

Sauti ikakwama.

"Endelea basi, Mwalimu," akasema mtu wa nyuma ambaye hakuwa ameelewa.

Akaendelea, kwa kuwa macho yalikuwa yameshatangulia kusoma na yasingeweza kurudi. "'...ambaye hakukaza minyororo ipasavyo wala hakuweka alama ya kukataa. Mkaguzi wa reli atafika Jumatatu kuthibitisha. Baada ya hapo mfunga minyororo ataachishwa kazi na ataondoka katika nyumba ya kituo pamoja na jamaa zake.'"

Hakuna aliyecheka tena. Mtu wa breki aliyevunjika mguu alikuwa kaka yake, wa tumbo moja. Mfunga minyororo alikuwa mumewe. Sentensi moja tu, na ndani yake wamewekwa watu wake wote wawili, mmoja juu ya mwingine kama magogo.

"Nani ameandika upuuzi huu?" akauliza, ingawa sahihi aliiona.

Aliyeandika alikuwa msimamizi wa upakiaji, ambaye watu walimwita Chapuchapu, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni tangu jua linapochomoza. Winchi ya mvuke ikivuta gogo kutoka msituni, chapuchapu. Gogo likining'inia hewani juu ya behewa, na watu chini yake wanalielekeza kwa fito, chapuchapu. Mtu akienda haja, chapuchapu.

Kulikuwa na jambo moja tu pale kituoni ambalo halikufanywa chapuchapu, nalo lilikuwa la mume wa Mwalimu. Watu walimwita Sikio. Behewa likishajaa magogo na kufungwa minyororo yake mitatu, Sikio alilizunguka na nyundo ndogo, akigonga kila mnyororo na kuinamisha kichwa. Mnyororo mzima uliokazwa vizuri hulia tii, kama kengele. Uliolegea, au wenye pete iliyopasuka, huguna tu kama mtu aliyeamshwa mapema. Akisikia mguno, Sikio alichukua shoka na kukata alama mbili zinazopishana kwenye uso wa gogo la chini, upande wa nyuma wa behewa. Hiyo ndiyo alama ya kukataa. Behewa lenye alama hiyo haliungwi kwenye injini, hata meneja apige magoti. Na anayeiondoa ni yule yule aliyeiweka, kwa kuichonga kwa shoka lake baada ya kasoro kutengenezwa. Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha desturi hiyo, lakini hakuna dereva aliyewahi kuivunja.

Jumatano ile, Sikio aliligonga behewa la tatu na mnyororo wa katikati ukaguna. Pete imepasuka. Akakata alama, akaenda stoo kuchukua mnyororo mwingine, na stoo iko mwisho kabisa wa uwanja. Mwenye stoo alikuwa anatafuta ufunguo. Walipoupata, injini ilikuwa imeshapiga honi, na mabehewa yote saba yalikuwa yanapotelea nyuma ya kilima. Sikio alikimbia juu ya mataruma ya reli akipiga kelele, mnyororo begani, mpaka pumzi ikamwishia. Kwenye kona ya kabla ya daraja, ule mnyororo wa katikati ukakatika.

Haya ndiyo aliyomsimulia mkewe Jumatano. Lakini Ijumaa, mkewe alipoingia nyumbani na habari za tangazo, alimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti.

"Nimekwenda kuliangalia gogo," akasema. Msimamizi alikuwa ameamuru gogo lile la chini la behewa la tatu lirudishwe kituoni na kuwekwa kando ya reli, ili kila mtu alione. "Halina alama. Jeupe kama sahani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Labda nilikata kwenye behewa la pili. Labda nilidhani nimekata. Mtu akifanya kazi moja miaka tisa, mkono unafika mahali unafanya peke yake."

"Baba Mtoto, niangalie. Ulikata au hukukata?"

"Mama Mtoto, gogo ni jeupe!"

Hapo ndipo damu ilipomchemka Mwalimu kweli. Kumsingizia mtu kosa ni jambo moja. Kumfanya ayatilie shaka macho yake na mikono yake mwenyewe, mtu ambaye akila anasikiliza hata kijiko kinavyogonga bakuli, hilo lilikuwa wizi. Kutoka upande wa jikoni mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu lakini masikio yake hayakuwa na shida yoyote, akapaza sauti:

"Mwanangu hajawahi kusahau hata kufunga mlango wa choo! Asahau alama?"

"Mama, hebu tuache kwanza."

"Nimewaacha. Nasema na sufuria."

Saa sita alimpelekea kaka yake uji katika chumba cha wagonjwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili na dirisha lililoelekea uwanja wa kupakilia. Kaka yake alikuwa amelala mguu umefungwa vipande vya mbao mpaka kwenye nyonga. Alipomwona dada yake aligeuza uso ukutani.

"Nimekuletea uji."

"Weka."

"Kaka, unywe ungali na moto."

"Tangazo wamenisomea. Nilisimama juu ya lile behewa, dada. Nimeshika gurudumu la breki, napiga mluzi, kwa sababu nilijua nani amefunga. Siku zote nilikuwa najisemea, mzigo umefungwa na shemeji, mimi nilale tu." Sauti yake ikakauka. "Mwambie mumeo asije hapa."

"Aliweka alama."

"Iko wapi?"

Alimfuta kaka yake jasho shingoni, naye akamwacha amfute, lakini uso haukugeuka. Mtoto akanyoosha mkono akamvuta mjomba wake sikio, kama alivyozoea. Mjomba hakucheka.

Badala ya kurudi kibandani, alikwenda moja kwa moja kando ya reli, lilikolala gogo. Akachutama mbele yake, akaliangalia kama anavyoangalia msumeno kabla ya kuutia tupa.

Kweli, uso wa nyuma ulikuwa mweupe, na hapo ndipo palipomshangaza. Magogo yanakatwa msituni, kisha yanaburutwa na winchi kwenye matope nusu kilomita. Yakifika kituoni yana nyuso chafu kama watoto waliotoka kucheza. Akazunguka upande wa pili: uso wa mbele ulikuwa na matope yaliyokauka na vijiwe. Akarudi nyuma. Weupe mtupu. Ncha hii ilikatwa baada ya gogo kuburutwa. Ilikatwa hapa hapa kituoni.

Akalaza shavu karibu na mti, mtoto akalalamika mgongoni. Meno ya msumeno yalikuwa yameacha nyayo, na katikati ya nyayo hizo, kila baada ya upana wa kiganja, ulipita mstari mmoja uliokwaruza kuliko mingine. Alimjua mwenye mstari huo. Wiki iliyopita alipinda jino moja la msumeno mrefu wa watu wawili, akakosea kulinyoosha, akasema atalirekebisha wiki hii. Ulikuwa msumeno wa Vuta na Achia.

Vuta na Achia walikuwa mafundi wawili waliofanya kazi pamoja muda mrefu hata watu walisahau majina yao. Aliwakuta wamekaa kwenye kivuli cha tangi la maji la injini.

"Shikamooni."

"Marahaba, Mwalimu," wakaitikia pamoja.

"Jumatano mlikata ncha ya gogo la behewa la tatu."

Vuta akamtazama Achia. Achia akatazama viatu vyake.

"Nani kasema?" akauliza Vuta.

"Msumeno wenu. Una jino moja limepinda, nililipinda mimi. Baba zangu, siwalaumu. Naomba mniambie tu."

Kisha Achia akasema polepole, "Tuliambiwa gogo limezidi behewa. Tulipunguze, unene wa vidole vitatu. Msimamizi alisimama pale pale, saa mkononi, meneja ana wageni kiwandani wanasubiri kuona treni inaingia. Chapuchapu, chapuchapu."

"Mliona alama?"

"Mwalimu," akasema Vuta, "sisi tuna watoto."

"Na mimi huyu mgongoni ni mfuko wa unga?"

Vuta akainamisha kichwa. "Tuliiona. Mimi nikamwuliza, akasema Sikio ameshatengeneza, amesahau kuichonga. Unaongea nini tena na mkubwa? Ukibisha unamwaga unga."

Alitaka kuwapigia kelele. Alitaka kuwaambia mguu wa kaka yake ulikuwa mzima wakati wao wanavuta na kuachia. Lakini aliona Achia anavyoikunjakunja kofia yake, akameza hasira yake kwa muda, akaiweka mahali ambapo angeipata tena.

"Mtamwambia mkaguzi?"

Wote wawili wakarudi kutazama viatu vyao.

"Basi kile kipande mlichokata kiko wapi?"

"Kilianguka kando ya reli," akasema Achia. "Wanawake wa kuni wamekiokota. Kitakuwa kimeshaivisha maharage."

Jumamosi nzima na Jumapili mpaka mchana alipita nyumba hata nyumba, na kituo kilikuwa na nyumba ishirini na nane. Shikamoo, hamjambo, samahani, naomba kuangalia kuni zenu. Watu walidhani huzuni imempanda kichwani. Alifukua malundo, akachungulia mafigani, akatoa vipande vya magogo chini ya mbuzi wa mtu. Jirani mmoja alimwambia, "Mwalimu, ukitafuta mume mwingine, huko uvunguni hayupo." Alicheka ili asilie.

Alirudi nyumbani amechoka hata mifupa. Mtoto alikuwa ananuka maziwa yaliyoganda na alihitaji kuogeshwa. Akaenda kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, akafunua kifuniko, akachota. Kisha akakishika kifuniko akirudishe. Kilikuwa kizito, na cha mviringo, na kipya.

"Mama," akaita. "Kifuniko cha bati kiko wapi?"

"Kimeoza, kimetoboka, nimekitupa," akajibu mama mkwe kutoka barazani. "Nimeokota hicho Jumatano kule relini. Kizuri, eti? Kimekatwa kama kwa kipimo cha pipa letu. Upande mmoja kina mikwaruzo na matope, nimeulaza huo chini."

Akakigeuza. Matope yalikuwa yamelainishwa na mvuke wa maji. Katikati yake zilipishana alama mbili za shoka, za kina, zenye ncha safi, mkato wa kulia umezidi kidogo kwenda chini, kama mumewe anavyokata siku zote.

Siku mbili amekisaka kituo kizima, na muda wote huo pipa lake mwenyewe lilikuwa limefunikwa na ushahidi.

"Mama," akasema, akakaa kwenye matope pale pale. "Mama, nakupenda."

"Kwa kifuniko?" akasema mama mkwe. "Kweli umechoka wewe."

Mumewe alipoonyeshwa, alipitisha kidole kwenye alama ya kwanza, kisha ya pili, kisha akakaa chini kando ya mkewe na kuficha uso wake mgongoni mwa mtoto.

Jumatatu mkaguzi wa reli alifika na injini ya saa tatu. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani na mfuko wa ngozi, na alisema habari za asubuhi kwa kila mtu, jambo ambalo lilimkera Chapuchapu waziwazi. Wakasimama kando ya gogo. Wapakiaji wote walikuwa wameacha kazi, na injini ilikuwa imesimama mbele ya mabehewa saba yaliyojaa, inatoa mvuke pembeni, inasubiri kuunganishwa.

"Kama unavyoona, mheshimiwa," Chapuchapu akasema, akipiga uso wa gogo kwa kiganja, "hakuna alama. Niliagiza lihifadhiwe hivi hivi lilivyo. Mtu huyu anasema aliweka. Gogo linasema hakuweka."

"Naomba kusema," akasema Mwalimu. Kifuniko cha pipa kilikuwa kichwani, kimefungwa kwa kitambaa cha mtoto.

"Huyu ni mke wa mtuhumiwa," Chapuchapu akasema haraka.

"Na dada wa aliyevunjika mguu," akajibu yeye. "Ungekuwa umeandika na hilo kwenye tangazo lako."

Akakitua kipande chini, akafungua kitambaa. Wapakiaji wakasogea. Mtu mmoja akapiga mluzi wa chini.

Chapuchapu alitoa macho, lakini kwa sekunde moja tu. "Mheshimiwa, hii ni nini? Kila nyumba hapa ina kipande cha mti na kila nyumba ina shoka. Hata mimi naweza kuketi jikoni nikakata msalaba."

"Anasema kweli," akasema mkaguzi, akifuta miwani. "Mama, kipande peke yake hakitoshi."

"Ndiyo maana sikukileta kwako. Nimekileta kwa mwenzake."

Akamwita mumewe. Wakakiinua pamoja, wakakisimamisha dhidi ya uso mweupe wa gogo, wakakizungusha taratibu, kama mtu anavyotafuta kifuniko kinavyokaa kwenye chungu. Ganda likakutana na ganda. Wakazungusha tena kidogo. Na hapo kikakaa. Ufa mdogo ulioanzia kwenye moyo wa mti, uliopinda kama kidole cha mzee, ulitoka kwenye gogo ukaingia kwenye kipande bila kukosea hatua. Kovu jeusi la moto wa zamani lilianza huku likaisha kule. Pete za miaka ya mti, zilizobanana miaka ya ukame na kutanuka miaka ya mvua, zilipita ukingoni moja kwa moja, na mwisho wake ganda lenyewe lilikuwa na ukoga uliokatwa nusu, nusu huku, nusu kule.

"Nani ataketi jikoni," akauliza Mwalimu, na sauti yake haikuwa tena ya kusomea, "aote miaka themanini pamoja na gogo hili? Na angalia hapa, mheshimiwa. Mstari huu wa jino lililopinda. Uko kwenye gogo, uko na nyuma ya kipande. Mimi ndiye ninayenoa. Msumeno mmoja, mkato mmoja, hapa hapa uwanjani, baada ya mume wangu kukataa. Alikataa! Na huyu bwana alipoona mti umesema hapana, akaukata mdomo!"

"Tulikata sisi," ikasema sauti nyuma. Alikuwa Achia, amevua kofia. Vuta akasogea kando yake kama wanavyosogea siku zote. "Alituamuru. Alama tuliiona."

Dereva wa injini, mtu mweusi kwa masizi mpaka kope, aliteremka ngazi moja. "Kwa hiyo nilifanywa mjinga," akamwambia Chapuchapu. "Nilichungulia, sikuona alama, nikaunga. Ningeweza kuua mtu mimi."

Chapuchapu akasema kitu kuhusu wageni wa meneja. Hakuna aliyemsikiliza mpaka mwisho.

Mkaguzi alikwenda ofisini, akaandika, akarudi na karatasi. Akampa Mwalimu, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Nimeambiwa wewe ndiye msomaji wa kituo. Wasomee."

Akaipokea, akaipitisha macho kwanza, somo alilojifunza Ijumaa. Iliandikwa: "Baada ya uchunguzi imebainika kuwa ajali ilitokana na kasoro za kiutaratibu. Tangazo la awali lisitiliwe maanani. Taarifa kamili itafuata."

"Sisomi hii," akasema.

"Mama?"

"Kasoro za kiutaratibu ndizo zilizoshika saa mkononi? Ndizo zilizosema chapuchapu? Mlipokuwa mnamsingizia mume wangu mlijua sana kuandika 'mfunga minyororo'. Leo mwenye kosa amejulikana, kalamu imepoteza jina lake?"

"Taarifa kamili itaandikwa makao makuu. Wiki mbili, tatu. Kuna ngazi za..."

"Uongo haukupanda ngazi. Ulibandikwa asubuhi moja, kwa misumari minne."

Mkaguzi akatazama saa yake, akatazama injini. Ilikuwa ndiyo usafiri wake wa kurudi. "Tutalizungumza. Kwanza treni iondoke, imeshachelewa."

Sikio akaokota shoka lake, akatembea mpaka behewa la mwisho, akasimama nyuma yake. Paa. Paa. Mapigo mawili, yanapishana. Vibanzi vyeupe vikaanguka kwenye mataruma.

"Anafanya nini?" Chapuchapu akafoka. "Minyororo yote ni mizima! Ameigonga mwenyewe asubuhi! Anakataa nini?"

"Minyororo ni mizima," akasema Sikio, bila kupandisha sauti. "Ninachokataa ni ile karatasi."

Mkaguzi akamgeukia dereva. Dereva alikuwa ameshapanda ngazi yake, akaegemea dirisha na kukunja mikono.

"Mimi siungi," akasema. "Kuna alama."

"Nakuamuru."

"Mheshimiwa, niamuru kuruka. Behewa lenye alama haliungwi."

Wapakiaji wakakaa chini, mmoja baada ya mwingine, juu ya magogo, juu ya reli, kwenye majani. Mama mkwe, aliyekuwa amefuata akipapasa kwa fimbo yake, akatafutiwa nafasi katikati yao. "Tunasubiri nini?" akauliza kwa sauti ambayo kituo kizima kilisikia.

"Karatasi, bibi."

"Aa. Basi mimi sina haraka. Pipa langu halina kifuniko, lakini sina haraka."

Mkaguzi akasimama peke yake kwenye mvuke. Mwishowe akafungua mfuko wake wa ngozi, akauweka juu ya gogo kama meza, na akaanza kuandika upya. Aliandika polepole. Mara mbili alifuta. Alipomaliza hakumwangalia Chapuchapu.

Mwalimu akasoma kimya kwanza, mstari kwa mstari. Kisha akapanda kizingiti cha stoo, chini ya misumari minne, akasoma kwa wote.

"'Ajali ya Jumatano ilisababishwa na msimamizi wa upakiaji, aliyeamuru alama ya kukataa ikatwe na behewa lenye mnyororo mbovu liondoke. Mfunga minyororo aliliona kosa na alilikataa behewa hilo. Hana hatia, anabaki kazini na katika nyumba yake. Msimamizi anasimamishwa kuanzia leo.'"

Alisoma mpaka sahihi na tarehe. Halafu akang'oa misumari kutoka tangazo la zamani, mmoja mmoja, kwa koleo lake la kunolea, akaitumia hiyo hiyo kubandika karatasi mpya.

Watu walishangilia, lakini yeye hakusimama kushangilia. Alikuwa bado ana hasira, na aliona haya kidogo kuwa nayo wakati wenzake wanacheka. Karatasi haikuunga mfupa. Akakiweka kipande kichwani, akatembea mpaka chumba cha wagonjwa, akakilaza kitandani kando ya mkono wa kaka yake.

Kaka yake akaingiza kidole gumba kwenye alama, akafuata mkato mpaka pale unapozidi kidogo kwenda chini.

"Huu mkono naujua," akasema.

"Ndiyo."

"Nami nimemwambia asije." Akafumba macho, na machozi yakatokea pembeni, yakashuka mpaka kwenye masikio. "Dada, nilimwita mzembe mbele ya muuguzi."

"Utamwambia mwenyewe."

"Mwite basi."

"Yuko kazini. Ngoja amalize."

Kupitia dirishani wakamwona Sikio akichonga alama yake mwenyewe kwenye behewa la mwisho, akirudisha shoka kiunoni, akichukua nyundo. Angeweza kuiachia treni iende, minyororo alikuwa ameshaikagua asubuhi. Lakini alianza upya, kutoka behewa la kwanza, na dereva alimsubiri. Mtoto alikuwa ameamka. Akashuka mgongoni kwa mama yake, akatambaa juu ya kitanda mpaka kichwani kwa mjomba, akamvuta sikio.

"Taratibu, we," akasema mjomba. "Nasikiliza."

Tii, ikalia kule nje. Tii. Tii. Behewa la kwanza. Kisha la pili. Kisha nyundo ikafika behewa la tatu, na kaka na dada wakatega masikio. Tii.